Upepo wa kwanza, upepo wa mwisho: jiko la mafuta lisilozibika mdomo

(Maneno yaliyosemwa na fundi mmoja wa chama mbele ya mkutano wa wanamemba wa Masisi na Walikale. Tumeyaacha karibu jinsi yalivyosemwa. Maswali ya wanamemba tumeyaingiza ndani ya maelezo.)



Komite iliniomba nizungumze juu ya kitu kidogo sana: kitundu. Ni kitundu cha jiko la mafuta, pale mafuta yanapotokea ili yashike moto. Mafundi wa pikipiki wanakiita jikleri, na mimi nitasema jikleri vilevile. Munaweza kujiuliza juu ya nini mkutano mzima ukae kusikiliza habari ya kitundu ambacho hata chembe ya mchanga haipiti. Ni kwa sababu leo tunapaswa kuamua feza za kasha la bluu zitafanya nini.

Kwa marafiki wasiozoea mambo ya muso zetu: tuko na makasha matatu. La kijani ni la mikopo. Jekundu ni la kusaidiana kwenye magonjwa na vilio. La bluu ni la feza zinazotoka inje ya chama. Kwenye kasha la bluu mumeweka msaada kwa ajili ya moto wa pipa la sabuni. Njia ziko mbili: tuagize vichomeo vilivyotengenezwa tayari, au tutengeneze vyetu hapa. Mimi nasema jibu la swali hilo liko kwenye jikleri.

Tuanze na kuni. Tangu Februari 2025, kambi za kando ya Goma zilipovunjwa, wengi wetu tulirudi Masisi, na wengine wakaendelea mpaka upande wa Walikale. Milima ya Masisi munaijua: pahali pengi ni malisho na mashamba, na miti iliyosimama ni mikaratusi yenye mwenyewe. Ukitaka kuni za bure unapanda mbali. Walikale msitu uko karibu, lakini njia ya msituni si ya kila mtu, na si ya kila siku. Tulipokuwa kambini, Médecins Sans Frontières walisema wazi kwamba wanawake wengi waliotendewa jeuri ya kubakwa walishambuliwa wakati wa kutafuta kuni na chakula. Hakuna mama hapa anayehitaji kuelezwa hilo. Pipa moja la sabuni linakula kuni mingi, kwa hiyo kila pipa tunalochemsha kwa kuni ni safari za mtu fulani. Tunataka kupunguza safari hizo. Ndiyo maana tunazungumza juu ya mafuta.

Mafuta gani? Petroli ya taa ni ghali, mazutu ni ghali zaidi huku kwetu juu ya barabara. Lakini kuna mafuta ambayo leo yanamwagwa: mafuta ya vidanji, yale meusi yanayotoka kwenye pikipiki, kwenye mashini za kusaga na kwenye grupi za umeme. Na upande wa Walikale kuna masalio ya mawese, ule uchafu wa chini unaobaki mafuta mazuri yakishauzwa. Lita moja ya mafuta ya vidanji inabeba joto linalozidi kidogo lile la kilo moja ya makala makavu. Sasa fikiri mwenyewe ni kilo ngapi za makala zinazoingia udongoni kila wiki kwenye garaji za Sake, za Masisi-centre na za Mweso.

Tatizo ni kwamba mafuta hayo ni machafu. Na jiko la mafuta machafu halifi kwa kuchakaa. Linakufa kwa kuzibika mdomo. Siku ya maonyesho linawaka vizuri, watu wanapiga picha. Kisha wiki ya pili moto unaanza kutapika, wiki ya tatu unazimika, na kisha mashini inawekwa kwenye kona na kuku wanalala juu yake.

Jikleri inazibwa na maadui wanne, na kila mmoja ana dawa yake. Tusiwachanganye.

Adui wa kwanza ni vumbi na unga wa chuma. Mafuta yakikaa ndani ya motere, yanakusanya vipande vidogo vya chuma. Dawa yake ni kuyaacha yatulie siku kadhaa kwenye bidoni bila kutikisa, kuchota ya juu, na kuyapitisha kwenye kitambaa kizito.

Adui wa pili ni maji. Maji yanashuka chini ya bidoni, yanaleta kutu, na yakifika kwenye moto yanapasuka na kurusha mafuta. Dawa ni ileile ya kutuliza, na robine ndogo chini kabisa ya bidoni ili uyatoe.

Adui wa tatu ni masizi magumu. Ukizima jiko, jikleri bado iko ya moto. Mafuta yaliyobaki ndani yake yanaendelea kuiva mpaka yanakuwa kama jiwe jeusi. Hapo kichujio hakisaidii hata kidogo, kwa sababu uchafu haukuja na mafuta, umezaliwa ndani ya kitundu chenyewe. Wenye majiko hawamjui adui huyu. Wanachuja tena na tena, na jiko linaziba tena na tena.

Adui wa nne ni baridi. Wamama wanaouza mawese wanamjua vizuri kuliko mimi. Walikale mawese unamimina. Ukiyapandisha Masisi, asubuhi unayachota na kijiko. Mafuta ni yaleyale, ni baridi imeyagandisha. Kwa hiyo jiko la masalio ya mawese lililojaribiwa Walikale likawaka wiki nzima, ukilileta Masisi linaweza kukataa asubuhi ya kwanza, na fundi atalaumiwa bure. Dawa ni kupasha mafuta joto kabla hayajafika kwenye jikleri, kwa mfano kwa kuzungusha mrija wake kando ya bomba la moshi, na kuwasha kwanza na mafuta mepesi mpaka mrija upate joto.

Sasa, watu wa zamani walipambana namna gani na jikleri inayoziba?

Njia ya kwanza ni sindano. Wazee wanakumbuka primusi. Jiko hilo lilianza Sweden mwaka 1892, kazi ya Frans Wilhelm Lindqvist wa Stockholm. Petroli ya taa inasukumwa na upepo wa pampu, inapita kwenye mrija wa moto, inageuka mvuke, na mvuke unatokea kwenye kitundu kidogo. Kitundu kikiziba, unachukua sindano yenye waya mwembamba na kuchokoa. Kisha watu wakafikiri zaidi: waliiweka sindano ndani ya jiko lenyewe. Unageuza kifunguo, sindano inapanda, inapita kwenye kitundu, inashuka. Taa ya Petromax, ile iliyokuwa inaangaza ibada za usiku na harusi, iko hivyo: kile kimkono cha kando ndicho kinachopandisha sindano. Kwa hiyo jikleri inayojisafisha si jambo geni. Mulikuwa nayo juu ya vichwa vyenu mukiimba.

Sindano ni nzuri kwa petroli safi. Kwa mafuta ya vidanji iko na shida mbili. Moja, inatoboa masizi lakini haizuii yazaliwe tena, kwa hiyo utachokoa mchana kutwa. Mbili, mtu akichoka anachukua waya wowote alionao, anasukuma kwa nguvu, na kitundu kinapanuka. Kitundu kikishapanuka hakirudi. Moto unakuwa wa njano, unatoa moshi, unakula mafuta mara mbili.

Njia ya pili ni kupuliza. Mafundi wa rangi wanaotumia mashini ya kurusha wako na jikleri inayogeuka: ikiziba, wanaigeuza nyuma mbele, rangi inausukuma uchafu kwa njia uliyoingilia, kisha wanairudisha. Kwenye meli na kwenye mitambo mikubwa ya umeme inayochoma mafuta mazito, kabla ya kuzima kabisa wanapitisha mvuke ndani ya bomba la kichomeo ili pasibaki tone la kuiva. Hiyo ndiyo dawa ya adui wa tatu. Tuikumbuke: jikleri inasafishwa wakati wa kuzima, haingojei mpaka izibe.

Njia ya tatu ndiyo iliyonileta hapa. Mmarekani Robert Babington, katika miaka ya 1960, aligeuza mambo chini juu. Sisi wote tunafikiri namna ya kupitisha mafuta machafu kwenye kitundu kidogo. Yeye aliuliza: juu ya nini yapite? Alichukua kitu cha mviringo chenye uwazi ndani, kama kishikio cha mlango cha shaba. Akakitoboa kitundu kidogo ubavuni. Ndani yake akaweka upepo peke yake. Mafuta akayamimina toka juu, yakashuka yakiuvika ule mviringo kama ngozi nyembamba. Pale ngozi hiyo inapopita mbele ya kitundu, upepo unaipasua na kuirusha kama ukungu, na ukungu ndio unaoshika moto. Mafuta yaliyobaki, na ndiyo mengi, yanadondoka chini kwenye bidoni na kurudishwa juu.

Munaona? Mafuta hayaingii kwenye kitundu. Chembe ya chuma ikija, inateleza juu ya mviringo na kudondoka pamoja na mafuta yaliyobaki. Kila wakati mafuta mapya yanaosha uso wa jikleri. Inajisafisha kwa sababu ya namna ilivyo. Hakuna sindano, hakuna wa kuchokoa. Jeshi la Marekani limetumia vichomeo vya namna hiyo kwenye majiko yake ya kupikia askari, kwa sababu askari vitani hachagui mafuta. Na sisi hatuchagui.

Swali lililokuja kwenye komite ni hili: kitundu hicho tutakitoboa na nini? Kinatakiwa kiwe milimita 0.3 hivi, na huku hatuna keekee nyembamba kiasi hicho. Jibu liko kwenye takataka za garaji. Karbirateri ya pikipiki iko na jikleri ndogo ya relanti. Mara nyingi inaandikwa namba, na namba 35 maana yake kitundu ni karibu milimita 0.35. Kipimo kimeshafanywa kiwandani. Unaichomelea kwa shaba kwenye ubavu wa mviringo, kisha unaipiga tupa na msasa mpaka uso uwe laini, mafuta yasipate pahali pa kukwama. Ukiacha ukingo hata kama unene wa ukucha, ngozi ya mafuta itakatika hapo na ukungu hautatoka.

Swali la pili, la yule mama wa Nyabiondo: na upepo? Hatuna umeme. Tuhesabu pamoja. Kitundu cha milimita 0.3, kwa shinikizo la bar 1, kinakula lita moja na nusu hivi za upepo kwa dakika. Pampu ya mguu inayosukuma theluthi moja ya lita kwa kila pigo inataka mapigo matano kwa dakika. Matano tu. Hiyo ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akikaa na kuzungumza. Katikati tunaweka tanki la upepo la breki za lori, yale yanayotolewa kwenye magari yaliyokufa, ili upepo usitoke kwa kushtuka-shtuka na mpampaji apate kupumzika. Hatuhitaji kujaza mpaka bar 6 au 8 kama lori. Bar 2 inatosha, na ni salama zaidi.

Huo ni upepo wa kurusha mafuta. Upepo wa kuyachoma ni mwingine. Lita moja ya mafuta inataka zaidi ya mita 10 za ujazo za hewa ili iungue safi. Hiyo haiwezi kutoka kwenye pampu ya mguu. Inaletwa na bomba la moshi refu linalovuta. Ukiona moshi mweusi, usikimbilie kulaumu jikleri, angalia kwanza kama bomba ni fupi au limeziba.

Sasa sikilizeni sheria ya nyumba, kwa sababu hata jikleri hii inaweza kuuliwa na mtu mwenye haraka. Upepo ndio wa kwanza kuingia na ndio wa mwisho kutoka. Asubuhi fungua upepo, kisha mafuta. Jioni funga mafuta, acha upepo upulize mpaka uso wa mviringo ukauke na upoe, kisha ndipo ufunge upepo. Ukifunga upepo kwanza, mafuta yanaingia kwenye kitundu kwa mara ya kwanza, yanaiva humo, na adui wa tatu amepata nyumba. Ningependa maneno hayo yaandikwe na rangi juu ya kila jiko: UPEPO WA KWANZA, UPEPO WA MWISHO.

Nisiwafiche hatari. Marafiki wanaotoa feza nao wanapaswa kuzijua.

Moshi wa mafuta ya vidanji si moshi wa kuni. Ndani yake muna madini ya motere na sumu nyingine. Jiko hili ni la inje, chini ya paa lisilo na kuta, na bomba linalopita juu ya vichwa. Ni la pipa la sabuni, pahali moto unagusa chuma tu. Mikate, samaki na kila kitu cha kuliwa ambacho moshi unaweza kukigusa, hapana. Kwa hayo tutabaki na kuni, au masalio ya mawese yasiyochanganywa.

Mafuta ya transfo, hapana kabisa. Kuna watu wanayauza kwenye bidoni, yanaonekana safi kuliko vidanji. Ya zamani yanaweza kuwa na sumu ambayo ukiichoma kwenye moto usio mkali sana inazaa sumu mbaya zaidi. Anayetuletea mafuta aseme yametoka kwenye motere gani. Asiyesema, arudi nayo.

Esansi, hapana. Hata kikombe kimoja cha kulainisha mafuta. Esansi inatoa mvuke unaotembea chini chini mpaka ukute moto, kisha unarudi na moto huo kwenye bidoni. Nyumba nyingi zimeungua kwa petroli ya taa iliyochanganywa na esansi. Kwa kuwasha tutatumia petroli safi peke yake, kidogo.

Tanki la upepo lisiwe chupa iliyookotwa. Tanki lenye kutu ndani linapasuka kama bomu. Kabla ya kulitumia, tunalijaza maji mpaka juu na kulisukuma kwa shinikizo mara mbili ya lile tutakalotumia. Likipasuka likiwa na maji, linavuja tu. Likipasuka likiwa na upepo, linaua. Na juu ya kila tanki pawe na kifuniko cha usalama kinachofunguka chenyewe.

Na kando ya kila jiko pawe na ndoo ya mchanga. Maji juu ya mafuta yanayowaka yanayatawanya.

Kuna swali moja gumu zaidi: mafuta hayo yatatosha? Pikipiki ya 125 inabeba karibu lita moja ya mafuta ya motere. Kwa hiyo bidoni ya lita 20 ni vidanji vya pikipiki ishirini. Pahali penye pikipiki mingi, bidoni hiyo inajaa upesi. Kijiji cha ndani ya Walikale chenye pikipiki tatu hakitaijaza. Isitoshe, maseremala na wenye kujenga wanapaka vidanji kwenye miti kuzuia mchwa, na tukianza kuyatafuta, bei itazaliwa. Kwa hiyo sisemi kila kundi lipate jiko hili. Makundi yaliyo kando ya barabara na garaji yatumie vidanji. Makundi ya Walikale yaliyo karibu na michikichi yatumie masalio ya mawese. Makundi yasiyo na kimoja wala kingine yasipewe jiko ili tu orodha ijae. Hayo tuyasaidie kwa njia nyingine: majiko yanayokula kuni kidogo, na kupanda miti.

Sasa nirudi kwenye uamuzi wetu. Vichomeo vya kununua tayari, vingi vyao jikleri iko imefungwa ndani, na viwanda vinaandika kwenye karatasi: tumia mafuta safi, badilisha jikleri ikiziba. Sisemi ni vibaya. Pahali penye duka la vipuri kwenye kona, ni vizuri sana. Sisi duka liko Goma, na barabara ya Goma, Sake, Masisi, Walikale si ya kuahidiana. Kuna miezi hata chumvi haipiti. Mashini inayosubiri jikleri toka mbali, kwetu ni mashini iliyokufa.

Na kuna jambo ambalo kila mtu humu analijua na hatupendi kulisema kwa sauti. Tumerudi, lakini wengi wetu tumerudi mara ya pili, mara ya tatu. Wengine toka Walikale walikimbia na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Ukikimbia, pipa linabaki. Tanki linabaki. Bomba la moshi linang'olewa na kuuzwa. Kwa hiyo naomba jiko letu ligawanyike sehemu mbili. Sehemu nzito itengenezwe na vitu ambavyo vinapatikana popote penye lori bovu: pipa, tanki, bomba, matofali. Sehemu ngumu kuipata, yaani mviringo wa shaba na jikleri yake, kipimo cha shinikizo na robine ndogo, iwe kitu ambacho mama anaweza kukivunja toka kwenye jiko kwa ufunguo mmoja, kukifunga kwenye kikwembe na kuondoka nacho pamoja na mtoto. Ikizidi kilo mbili, tumeitengeneza vibaya. Akifika anakofika, anatafuta pipa lingine na anaanza tena. Hiyo haimwondolei mtu uchungu wa kukimbia. Inamwondolea tu kuanza toka sifuri.

Kwa hiyo naleta maombi manne mbele ya mkutano.

La kwanza: tusitengeneze majiko kumi. Tutengeneze mawili, moja Masisi na moja Walikale, ili baridi na joto vyote vitufundishe.

La pili: kila jiko lipite kipimo cha siku saba kabla ya feza nyingine kutoka. Liwake kila siku kwa mafuta machafu kabisa tuliyo nayo, sio yale yaliyochujwa kwa ajili ya wageni. Lizimwe na kuwashwa asubuhi ya baridi. Kila kuziba kuandikwe kwenye daftari: saa ngapi, adui gani kati ya wale wanne, na limefunguliwa na nini. Kama limezibuka kwa kitambaa na mkono, sawa. Kama limehitaji kitu ambacho hakiko kwenye kijiji, tunarudi kwenye meza. Na daftari hilo litumwe kwa marafiki wetu jinsi lilivyo, na siku mbaya zikiwa ndani.

La tatu: mafundi wa majiko watoke kwa wale wanaochemsha sabuni wenyewe. Wawili kwa kila jiko, na angalau mmoja awe mama. Wafundishwe kuchomelea jikleri, kupima tanki kwa maji, na kuvunja jiko na kuliunganisha tena. Mtu anayeweza kulitengeneza hatangoja mtu toka Goma.

La nne ni kwenu marafiki. Msaada mulioweka kwenye kasha la bluu kwa kununua mashini, mukubali utumike kwa vitu ambavyo havipendezi kwenye picha: bomba refu la moshi, kipimo cha shinikizo, vifuniko vya usalama, miwani na glovu za soda kostiki, na malipo ya siku za mafunzo. Najua ni vigumu kuonyesha watu waliotoa feza picha ya ndoo ya mchanga. Lakini ndoo ya mchanga na bomba ndivyo vitakavyofanya mwaka kesho muone jiko bado linawaka.

Wale watakaosema fundi anataka kazi, nawajibu hivi: michoro yote nimeiacha kwa katibu, kila mtu anaweza kuinakili, na fundi yeyote wa Mweso au wa Kibua anaweza kuifanya vizuri kuliko mimi.

Mkubali au mukatae, lakini mupige kura mukiangalia kitundu. Nimemaliza.

(Baada ya maelezo haya wanamemba walizungumza. Mkutano ulikubali ombi la kwanza, la pili na la tatu. La nne linangoja majibu ya marafiki wanaosoma jarida hili. Michoro iko kwa katibu wa kila kundi.)